Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Sanaa na Vitabu: Msimhukumu Mwandishi kwa Makosa ya Mhusika Wake

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi mliopewa dhamana ya utamaduni na sanaa, ninyi mnaotoa ithibati ya vitabu vinavyoingia shuleni, na ninyi mnaosimamia maudhui ya mtandaoni. Mimi ni mwandishi na mhariri wa riwaya ninayefanya kazi zangu hapa Dar es Salaam. Ninaandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe si langu peke yangu, na kwa sababu wengi wanaoguswa nalo wameamua kunyamaza, wakihofia kwamba mswada wao unaofuata utakumbukwa kwa ubaya.

Kwa muda mrefu hadithi za kubuni zimekuwa zikipimwa katika nchi yetu kwa kipimo ambacho hakikutengenezwa kwa ajili yake. Ukurasa mmoja unachomolewa, tendo baya la mhusika linasomwa kana kwamba ni ushauri wa mwandishi, na kazi nzima inakataliwa au inarudishwa ili ilainishwe, bila mwandishi kuelezwa kwa maandishi ni kanuni gani aliyoivunja. Ombi langu ni kwamba riwaya isomwe yote, isomwe kama riwaya, na mwandishi asibebeshwe makosa ya watu aliowabuni.

Nieleze nilichokiona kwa macho yangu. Mswada mmoja niliouhariri ulipelekwa katika ofisi fulani ili uidhinishwe kuwa kitabu cha ziada kwa shule za sekondari. Ulihusu msichana wa kidato cha tatu anayelelewa na bibi yake, na mwalimu anayemfundisha masomo ya jioni bila malipo, ambaye wema wake unageuka kuwa mtego. Mwandishi, ambaye mwenyewe amewahi kushika chaki, alikuwa ameiandika sura nzito kuliko zote kwa uangalifu mkubwa. Hakuna tendo lolote la aibu lililoelezwa. Mlango unafungwa, sura inaishia hapo, na sura inayofuata inaanza na bibi aliyeketi barazani, chakula kimefunikwa, akiulizia kwa majirani kama wamemwona mjukuu wake. Mswada ulirudi ukiwa na maneno haya pembezoni, kwa kalamu nyekundu: "Mwalimu hawezi kufanya haya. Abadilishwe awe mfanyabiashara." Hapakuwa na saini, wala kifungu cha mwongozo kilichotajwa, wala barua ya kueleza kama sehemu iliyobaki ilisomwa.

Mwandishi alizileta karatasi zile mezani kwangu akanionyesha jambo ambalo msomaji yeyote wa hadithi angeliona. Kinachomfunga msichana yule mdomo ni kwamba mtu anayemdhulumu ndiye anayesahihisha madaftari yake, ndiye atakayeandika ripoti yake ya mwisho wa muhula, na ndiye ambaye bibi anamwombea dua kila usiku kwa kumsaidia mtoto yatima. Mfanyabiashara angekimbiwa, na hadithi ingeishia ukurasa wa arobaini. Mwalimu hakimbiki bila kuikimbia shule yenyewe. Huo ndio uliokuwa moyo wa riwaya, na huo ndio ulioamriwa utolewe.

Namwelewa aliyeandika maneno yale. Huenda naye ni mwalimu, anawajua walimu wengi waadilifu wanaofundisha madarasa yaliyofurika, na aliona uchungu kuona kazi yao inachafuliwa. Uchungu huo ni wa haki. Lakini mhusika mmoja hasimami badala ya walimu wote wa Tanzania, kama ambavyo baba mlevi katika riwaya hasimami badala ya baba wote, na kiongozi mla rushwa hasimami badala ya viongozi wote. Riwaya haiandiki takwimu. Inamchukua mtu mmoja, mahali pamoja, na kutuomba tukae naye mpaka tuelewe jinsi alivyofika pale alipofika.

Watoto wetu wanalijua hilo kabla hawajajua kusoma. Bibi anapoita "Hadithi, hadithi!" na wajukuu wakaitika "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea", pande zote mbili zimekwisha kukubaliana kwamba kitakachosemwa hakikutokea, na kwamba kitasemwa hata hivyo kwa kuwa kina jambo la kutufaa. Sungura wa hadithi zetu anaiba shambani, anamdanganya simba, anamponza fisi, na mara nyingi anaondoka bila adhabu yoyote. Hakuna kijiji kilichowahi kumwona bibi anayesimulia hayo kuwa mwalimu wa wizi. Sisi tunaoandika riwaya tumerithi makubaliano hayo. Tunachoomba ni kwamba anayesoma kwa niaba ya Serikali naye ayaheshimu.

Ninasema "ayaheshimu" kwa sababu zipo sheria ambazo zikisomwa bila makubaliano hayo zinamtisha mwandishi wa hadithi bila yeye kuwa ndiye aliyelengwa. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinamtia hatiani anayechapisha kwa njia ya kompyuta taarifa anayojua kuwa ni ya uongo, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kupotosha umma, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Mwanasheria atasema, na atakuwa sahihi, kwamba hadithi ya kubuni haina nia ya kumpotosha mtu yeyote. Lakini kijana anayerusha riwaya yake sehemu kwa sehemu katika simu za wasomaji wake hana mwanasheria. Anasoma neno "uongo", anasoma kiwango cha faini, kisha anaufuta mkasa wa mkuu wa wilaya wa kubuni katika wilaya isiyokuwepo kwenye ramani. Sentensi moja tu katika sheria au katika kanuni zake, ya kusema kwamba kazi ya kubuni iliyotambulishwa hivyo haihesabiwi kuwa taarifa ya uongo, ingeondoa hofu hiyo bila kuigharimu Serikali chochote.

Waheshimiwa, nchi hii ina mfano wake yenyewe wa jinsi mtawala anavyoweza kuisoma kazi ya kubuni, nao umetoka kwa mtu ambaye hakuna anayeweza kumtuhumu kwa kutojali maadili ya Taifa. Mwaka 1963, akiwa Rais, Mwalimu Julius Nyerere alichapisha tafsiri yake ya Kiswahili ya tamthiliya ya Shakespeare kuhusu Juliasi Kaizari. Tamthiliya ile inamwonyesha mkuu wa dola akiuawa mchana, mbele ya baraza, na watu wa karibu naye, mmoja wao akiwa rafiki yake anayesifika kwa uadilifu. Wauaji wanapewa nafasi ya kueleza sababu zao kwa lugha nzuri, tena ya kushawishi. Kisha tunaonyeshwa umati uliokuwa ukiwashangilia ukigeuzwa na hotuba moja tu.

Ukumbukwe wakati wenyewe. Januari ya mwaka huo huo wa 1963, Rais Sylvanus Olympio wa Togo aliuawa na wanajeshi. Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi hapa hapa Dar es Salaam, katika kambi ya Colito. Kama kuna kiongozi aliyekuwa na sababu ya kuogopa tamthiliya inayoonyesha kuuawa kwa mtawala, ni yeye. Na bado mwaka 1969 tafsiri ile ilitolewa tena ikiwa imefanyiwa marekebisho ya lugha, na mwaka huo huo Mwalimu akatoa tafsiri ya tamthiliya ya pili, *Mabepari wa Venisi*. Hakuwadhania wananchi wake kuwa ni watu wa kuona kisu jukwaani na kwenda kukitafuta nyumbani. Aliwadhania kuwa ni watu wanaoweza kutazama tamaa ya madaraka, usaliti na ulaghai wa maneno, wakatafakari. Leo kijana wa Temeke akiandika tamthiliya ya namna hiyo kuhusu rais wa nchi ya kufikirika, sina hakika kwamba angepata mtu wa kuichapa, na sababu ya mashaka yangu nitaieleza baadaye kidogo.

Mwaka 1969 ulikuwa wa neema kwa tamthiliya ya Kiswahili, maana ndipo pia Ebrahim Hussein alipoitoa *Kinjeketile*. Alichukua mtu wa kweli wa Vita vya Maji Maji, mtu ambaye wajukuu wa waliomjua walikuwa hai, akamfanya awe mhusika mwenye shaka na maumivu ya ndani. Alieleza pia wazi kwamba Kinjeketile wa jukwaani si nakala ya yule wa historia, kwamba alilazimika kumfinyanga kwa mahitaji ya sanaa. Tamthiliya hiyo imefundishwa kwa vizazi, na heshima ya mashujaa wa Maji Maji haikupungua kwa sababu hiyo.

Nije kwenye mfano unaouma zaidi. Mwaka 1971 Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa riwaya yake ya kwanza, *Rosa Mistika*. Ni kisa cha binti anayelelewa kwa ukali wa baba mlevi, asiyeruhusiwa hata kuzungumza na mvulana, ambaye anaingia katika dunia ya shule na chuo bila kuandaliwa na mtu yeyote, akaangukia mikononi mwa wanaume wenye umri na vyeo, mpaka anapoteza maisha. Riwaya hiyo ilipigwa marufuku shuleni. Miaka ikapita, marufuku ikaondolewa, na kitabu kile kile, chenye kurasa zile zile, kikaja kufundishwa katika shule za sekondari kama mojawapo ya kazi muhimu za fasihi ya Kiswahili. Kezilahabi alipofariki hapa Dar es Salaam Januari 2020, miongoni mwa waliomlilia walikuwamo watu wengi waliomfahamu kwanza kupitia darasani.

Swali ninaloomba mlitafakari ni hili: katika miaka ile ya marufuku, nani alilindwa? Wasichana waliokuwa shuleni wakati huo walikutana na wanaume wale wale, katika vyuo vile vile, bila kitabu ambacho kingewaambia mapema kwamba jambo hilo linatokea, linatokea hivi, na mwenye kosa si wao. Novemba 2021, miaka 50 baada ya riwaya ile kutoka, Serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito wataruhusiwa kurudi shuleni. Naipongeza kwa hatua hiyo kwa moyo wote. Lakini uamuzi wa namna ile hauangukii katika jamii kama mvua ya ghafla. Unawezekana pale watu wanapokuwa wamekwisha kujizoeza kumtazama msichana aliyepata mimba na kumwona mtoto aliyetendewa, badala ya kuona aibu ya familia. Riwaya ni mojawapo ya mahali pachache tunapojizoeza kutazama hivyo.

Sasa nieleze kwa nini ithibati ya shule ina uzito mkubwa kuliko jinsi inavyoonekana katika karatasi, kwa sababu nadhani wengi wenu hamjawahi kuliona jambo hili kutoka upande wa mchapishaji. Sheria haisemi kwamba riwaya ya watu wazima lazima iidhinishwe kabla ya kuchapwa. Soko ndilo linalosema hivyo. Mnunuzi mkubwa wa vitabu Tanzania ni shule. Ukipita Mtaa wa Samora ukawatazama wauza vitabu waliopanga bidhaa zao kando ya njia, utakuta vitabu vya dini, vya kujiandaa na mitihani, vya jinsi ya kufanikiwa katika biashara, na mitumba ya riwaya za Kiingereza zilizosomwa kwingine. Riwaya mpya ya Kiswahili utaitafuta, na ukiipata, mara nyingi ni ile iliyomo katika orodha ya shule. Mchapishaji anayetaka kurudisha gharama za karatasi na uchapaji anajua kwamba bila shule atakaa na maboksi stoo. Kwa hiyo kila mswada wa Kiswahili anaupima tangu siku ya kwanza kana kwamba utasomwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, hata kama mwandishi aliuandika kwa ajili ya watu wenye wajukuu.

Matokeo yake ni kwamba mamlaka yenye haki ya kuchagua vitabu vya darasani imejikuta, bila kukusudia na bila sheria kuiagiza hivyo, imekuwa mlinzi wa mlango wa fasihi yote. Na mlinzi halisi hata si ofisi yenyewe. Ni hofu ya mhariri, nami ni mmoja wao. Mhariri anapopokea mswada anatafuta kwanza pa kukata, kabla hajatafuta pa kusifu. Analainisha rushwa ya kiongozi wa dini, anamhamishia mkuu wa shule katika nchi jirani, anampa kila mtenda dhambi adhabu kabla ya ukurasa wa mwisho ili pasiwe na wa kuuliza. Riwaya inayotoka hapo haina kosa, na msomaji mzima wa akili anaiweka chini baada ya sura mbili kwa sababu hakuna mtu ndani yake anayemfahamu.

Hofu hiyo sasa imewafikia vijana kabla hata hawajapata mchapishaji. Katika kikundi cha waandishi chipukizi ninachokisaidia, binti mmoja alisoma kisa cha mama anayeuza maparachichi kando ya barabara Kariakoo, ambaye beseni lake linachukuliwa asubuhi na mgambo, na mchana anamkuta mgambo yule yule akila parachichi kivulini. Kisa kilikuwa na uhai. Alikuwa ameona hata jinsi mama yule anavyozifuta parachichi kwa upande wa khanga yake moja moja kabla ya kuzipanga. Wiki iliyofuata aliporudi na nakala safi, neno "mgambo" lilikuwa limekatwa kwa mstari na juu yake ameandika "watu fulani". Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kwa kuniuliza: "Mwalimu, itapita?" Kisa hakikuwa na uso tena. Beseni lilichukuliwa na watu fulani, parachichi likaliwa na watu fulani, na mama akabaki analalamikia hewa.

Najua jibu la kwanza litakuwa kuhusu watoto, na silidharau hata kidogo, kwa kuwa mimi pia ni mzazi. Februari 2023 wizara yenye dhamana ya elimu ilipiga marufuku vitabu 16 vya watoto katika shule, kwa maelezo kwamba maudhui yake yanakwenda kinyume na maadili yetu. Sina ugomvi na kanuni ya kwamba Serikali inaweza kuchagua kitakachosomwa darasani na mtoto wa miaka tisa. Wazazi wanaitegemea ifanye hivyo. Ninachosema ni kwamba maneno "haifai kwa darasa la nne" na maneno "haifai kuandikwa" yana umbali mkubwa kati yake, na katika utendaji wetu umbali huo umekuwa ukifutika. Tangazo la namna ile linapotoka bila maelezo ya kina kuhusu kipi kilichokataliwa na kwa umri gani, wachapishaji wa vitabu vya watu wazima nao wanarudi nyuma, maduka yanaondoa vitabu ambavyo havikutajwa, na wakutubi wanaanza kujihoji juu ya rafu ambazo hazihusiki kabisa na watoto.

Kuhusu filamu nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wapo wenzangu wanaoijua fani hiyo vizuri zaidi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ilimtaka mwombaji wa kibali awasilishe maelezo kamili ya matukio na maneno yote yatakayosemwa, kabla kamera haijawashwa. Yeyote aliyewahi kuandika anajua kwamba nusu ya uzuri wa mazungumzo huzaliwa wakati wa mazoezi, waigizaji wanapoyatamka. Ombi letu la kusomwa kwa ujumla na kupewa sababu ni la wenzetu hao pia.

Mtandaoni hali ilikuwa ngumu zaidi. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, kisha ada ya leseni ya shilingi milioni 1, na ada nyingine kama hiyo kila mwaka. Kanuni hizo zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, na nashukuru. Lakini kwa mtu aliyekuwa akiandika hadithi za mapenzi na upelelezi usiku baada ya kazi, akiwatoza wasomaji wake malipo madogo kwa simu, ada ile ilikuwa ni amri ya kufunga. Naomba marekebisho yajayo yaseme bayana kwamba mwandishi wa hadithi za kubuni si mtoa habari, na kwamba hahitaji leseni ya kumsimulia mtu mzima kisa.

Simtetei mwandishi kwamba yuko juu ya sheria. Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema kila mtu "anao uhuru wa kuwa na maoni na kueleza fikra zake", na Ibara ya 30 inaweka mipaka kwa ajili ya haki za wengine na maslahi ya umma. Anayemtaja jirani yake kwa jina na kumzushia, kisha akajificha nyuma ya neno "riwaya", mahakama zipo. Anayechochea watu wauane, mahakama zipo. Tofauti yake ni kwamba mahakamani mtu husomewa shitaka, hutajiwa kifungu, na hupewa nafasi ya kujibu.

Shaaban Robert alilijua jambo hilo akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Katika *Kusadikika*, kitabu alichokitoa mwaka 1951, Karama anashitakiwa na waziri mwenye nguvu kwa kosa la kutaka kuanzisha elimu ya sheria katika nchi iliyo angani. Mfalme angeweza kumhukumu siku ile ile. Badala yake Karama anaachwa aseme mpaka amalize, baraza zima likimsikiliza, na mwisho wake anaachiwa huru. Nchi ile ya kufikirika ilimpa mshitakiwa wake nafasi ambayo mwandishi wa Dar es Salaam leo haipati anaporudishiwa mswada.

Kwa hiyo ninayoyaomba kwenu ni ya kiutendaji, na mengi hayahitaji Bunge. Kila mswada unaokataliwa au kurudishwa uambatane na barua yenye saini, inayotaja kifungu cha mwongozo na kueleza jinsi sehemu inayolalamikiwa inavyokaa ndani ya kazi nzima, kwa sababu mtathmini anayelazimika kueleza hilo atalazimika kuisoma kazi nzima. Mwandishi apewe nafasi ya kujibu kabla uamuzi haujawa wa mwisho, na uamuzi wenyewe uwe na muda unaojulikana. Siku 90 zingetosha. Katika kila jopo linalosoma kazi ya kubuni, awepo mwandishi wa riwaya au tamthiliya anayefanya kazi hiyo sasa, pamoja na mwalimu wa fasihi, na wasiwepo wataalamu wa mitaala peke yao. Vitabu vipangwe kwa umri, ili kitabu kisichofaa kidato cha pili kiweze kuandikwa wazi kuwa kinafaa kidato cha sita, au kwamba ni cha watu wazima na hakihusiani na shule. Hilo la umri nalitilia mkazo kuliko mengine yote, maana lingewaondolea ninyi lawama za wazazi na lingetuondolea sisi hofu, kwa wakati mmoja.

Mnaweza kufanya haya. Mmekwisha kuonyesha nia. Tuzo ya Kitaifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ni jambo jema ambalo waandishi wa Kiswahili walilisubiri kwa miaka mingi, na kuitoa tarehe 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu, kunatupa haki ya kuikumbusha nchi jinsi yeye mwenyewe alivyoisoma fasihi. Mji huu una historia ya kuwapokea waandishi wakati wengine walipowafunga: Abdilatif Abdalla alipotoka gerezani Kenya mwaka 1972, alikofungwa kwa miaka mitatu kwa sababu ya maandishi yake, ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichompa kazi, katika taasisi ya utafiti wa Kiswahili. Mashairi aliyoyaandika gerezani yalichapishwa mwaka uliofuata akiwa anaishi na kufanya kazi miongoni mwetu.

Vijana wengi ninaowafahamu wanataka kushindania Tuzo hiyo, na swali lao si kama wana kipaji. Wanauliza ni mambo gani yaliyokatazwa ambayo hayakuandikwa popote. Naomba, kabla dirisha la kupokea miswada halijafunguliwa tena, mwongozo wa tathmini ya kazi za kubuni utangazwe kwa maandishi, pamoja na vigezo vya umri na utaratibu wa kukata rufaa, na kabla ya kuutangaza mtuite waandishi, wachapishaji, wakutubi na wazazi tuupitie pamoja. Ukumbi wa Maktaba Kuu, Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, unatosha kwa kikao hicho, na tutakuja kwa nauli zetu.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwandishi na mhariri wa riwaya
Dar es Salaam